Simba Wanaweza Kungoja: Utafiti wa Mwendo na Misuli kati ya Karatu na Ngorongoro

Mhadhara kwa wanafunzi wa shahada za juu, walimu na waongoza watalii wa Karatu



Karibu kila mwanafunzi anayekuja ofisini kwangu na nia ya kusomea mwendo wa wanyama hutaja mnyama yuleyule. Simba. Akiona uso wangu haujachangamka, anapunguza bei: basi, duma. Simlaumu. Amekulia Karatu, magari ya watalii yamepita mbele ya nyumba yao tangu hajaanza shule, na hata siku moja hajaona gari likisimama ili mtu ampige picha punda aliyebeba madumu ya maji. Nimekuja leo kumtetea punda, na maksai wa kulimia pia. Simba nitawagusa, maana nao wana somo lao, ila nitapita haraka.

Nasema hivi: kijana mwenye miaka miwili ya uzamili, fedha za kubana na msimamizi mwenye wanafunzi kumi na kitu, swali lake bora la utafiti liko kwenye njia ya maji ya kijijini kwao. Asidhani namfariji kwa kumkosa simba. Swali lenyewe ni gumu, na historia ya taaluma hii katika Afrika Mashariki iko upande wangu.

Historia hiyo vijana wengi hawaijui, kwa hiyo nianzie hapo. Mwaka 1970 mwanafiziolojia Mkenya, Geoffrey Maloiy, alichapisha makala kuhusu matumizi ya maji ya punda wa Kisomali. Mada kavu, mtu angesema. Punda, ndoo, mizani na hesabu ya kilichoingia na kilichotoka. Lakini huyo Maloiy ndiye aliyekuja kuwa profesa wa fiziolojia ya wanyama Chuo Kikuu cha Nairobi, akafanya kazi bega kwa bega na C. Richard Taylor wa Harvard na Ewald Weibel wa Bern katika mfululizo wa tafiti ambao mpaka leo hakuna anayesomea mwendo wa wanyama bila kukutana nao. Sehemu kubwa ya kazi ile ilifanyika Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Walikuwa na tredimili, yaani mkanda unaozungushwa na mota, na juu yake wakawafundisha wanyama kutembea na kukimbia wakiwa wamevaa barakoa ya kupimia oksijeni: nguchiro, digidigi, swala granti, nyumbu, kuro, pofu, mbuzi, kondoo, ng'ombe wa zebu. Mwaka 1981 matokeo yakatoka, na jina la Mkenya mwingine, John Kamau, lilikuwemo miongoni mwa waandishi.

Jaribuni kupata picha ya pofu mwenye mamia ya kilo akitembea juu ya mkanda huku mtu akimhimiza kwa upole aongeze mwendo. Mtu anayeweza kumfundisha pofu kazi hiyo anamjua mnyama kuliko vitabu vinavyomjua. Ndiyo maana nasema kwamba kijana aliyekua na mifugo ana mtaji ambao maabara ya Ulaya haiwezi kuununua.

Mwaka uliofuata, 1982, Taylor, Norman Heglund na Maloiy waliandika katika Journal of Experimental Biology kanuni inayohusisha uzito wa mnyama na nishati anayotumia kwenda. Nitawafanyia hesabu hapahapa. Chukua nyumbu wa kilo 200. Kwa kanuni yao, kila kilo ya mwili wake ikisogezwa mita moja inagharimu jouli 2 hivi, tukiacha ile gharama ya kusimama tu. Sasa chukua digidigi wa kilo 5, ambaye wengi mnamwona vichakani kuelekea Ziwa Eyasi. Kilo yake moja kwa mita moja inagharimu zaidi ya jouli 6. Kilo kwa kilo, mdogo analipa nauli mara tatu ya mkubwa.

Kwa nini iwe hivyo? Hapa ndipo msuli unapoingia, na naomba tukae kidogo.

Msuli umejaa nyuzi, na ndani ya kila uzi kuna protini mbili, aktini na mayosini, zinazoshikana na kuvutana. Kila kushikana na kuachiana kunatumia molekuli ya ATP, yaani nishati iliyotokana na chakula na oksijeni. Jambo ambalo wanafunzi hulipata kwa shida ni hili: msuli unatumia nishati hata usipofanya kazi yoyote ya kusogeza kitu. Mtu aliyeshika ndoo imening'inia mkononi, ndoo haipandi wala haishuki, lakini anachoka. Mnyama anayetembea kwenye tambarare yumo katika hali inayokaribiana na hiyo. Mwili wake haupandi mlima. Kazi kubwa ya misuli ni kuuzuia usianguke kila mguu unapokanyaga. Mwaka 1990 Rodger Kram na Taylor walionyesha kwamba gharama ya kukimbia inategemea sana muda ambao mguu unakaa ardhini. Digidigi ana miguu mifupi, kwato zake zinagusa chini kwa muda mfupi mno, kwa hiyo misuli yake lazima izalishe nguvu kwa ghafla, na nyuzi za kasi zinakula ATP vibaya. Nyumbu ana miguu mirefu na hatua ndefu, anakanyaga kwa utulivu, anatumia nyuzi za polepole zisizo na ulafi.

Mkitoka hapa, mwendeeni punda mmoja mpole, kwa ruhusa ya mwenyewe, msimame begani kwake mahali ambapo hawezi kuwafikia kwa teke. Wekeni mkono juu ya bega. Pamejaa nyama. Teremsheni mkono mpaka chini ya kile ambacho sote tunakiita goti la mbele, ingawa kwa mifupa yake ni kiungo kilekile cha kifundo cha mkono wenu. Hapo chini nyama imekwisha. Bonyezeni nyuma ya mfupa kwa kidole gumba na cha shahada: mtakuta kamba ngumu, kavu, imekazwa. Hizo ni kano. Misuli iko juu karibu na mwili, na nguvu yake inashushwa mpaka kwatoni kwa kano ndefu. Kwa kuwa mguu wa chini hauna nyama, ni mwepesi kuurusha mbele na kuurudisha. Na kano yenyewe ikivutwa na uzito wa mwili inarefuka kidogo, halafu inajirudisha, ikirudisha sehemu kubwa ya nishati iliyotiwa ndani yake bila kutumia hata tone la ATP. Inueni ule mguu, mkunje kwato na mkunjue. Mtaona kano zikilegea na kukaza chini ya ngozi. Mafunzo ya vitendo ya nusu saa namna hii yanashinda slaidi zangu zote.

R. McNeill Alexander wa Leeds, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mekanika ya wanyama, alikuja mara nyingi Kenya kwa ajili ya mambo kama haya. Mwaka 1977 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya mwendo wa kasi wa wanyama wenye kwato wa Afrika, wakitumia filamu iliyopigwa kutoka kwenye gari. Filamu tu. Leo simu nyingi za kawaida zinarekodi fremu 240 kwa sekunde. Kifaa ambacho Alexander angekitamani kiko mfukoni mwa kila aliyekaa humu ndani, na tunakitumia kurekodi harusi.

Sasa nirudi kwenye mzigo.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha makala ya kurasa chache tu ambayo imenukuliwa mno. Maloiy alikuwa mwandishi wa kwanza. Walipima wanawake wa Kenya, Waluo wanaobeba mzigo kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Wakati huo kanuni ilijulikana: mnyama anayekimbia akibebeshwa asilimia 20 ya uzito wake, oksijeni anayotumia inaongezeka kwa asilimia 20. Ukibeba, unalipa. Wanawake wale walibeba mpaka asilimia 20 ya uzito wao bila matumizi ya oksijeni kupanda kabisa. Ni pale mzigo ulipozidi hapo ndipo gharama ilipoanza kupanda sambamba na uzito. Mwaka 1995 Heglund na wenzake walieleza sababu: mtu anapotembea mwili hupanda na kushuka, na sehemu ya nishati ya kushuka hugeuzwa kuwa ya kwenda mbele. Wale wanawake, wakiwa na mzigo, waligeuza sehemu kubwa zaidi kuliko walipotembea mikono mitupu. Mwendo wao uliboreka chini ya mzigo.

Naomba wanaume waliomo humu wasitoke na hitimisho kwamba basi mama aendelee kubeba. Utafiti ulipima oksijeni. Shingo, uti wa mgongo na saa zilizopotea njiani ni vipimo vingine.

Je, punda? Tuchukue punda wa kilo 150, ana madumu manne ya lita 20. Kilo 80 hizo, zaidi ya nusu ya uzito wake. Bila mzigo, kilomita moja ya tambarare inamgharimu kilojouli 330 hivi kwa kanuni ya 1982, nishati iliyomo katika vijiko vitano vya chai vya sukari. Kama analipa mzigo wote kwa kiwango cha kawaida, kilomita ileile sasa ni kama kilojouli 500. Kama ana ujanja unaofanana na ule wa wanawake wa Kenya, ni pungufu ya hapo. Na Karatu si tambarare. Kumpandisha yeye na mzigo wake mita 100 za mwinuko ni kazi ya kilojouli 225, na kwa kuwa misuli inapanda mlima kwa ufanisi wa kama asilimia 25, analipa kilojouli 900. Yaani mita mia moja za kupanda zinakaribia kilomita mbili za bondeni akiwa na mzigo uleule. Mnaoishi kwenye miinuko na kuteka maji mtoni mnaijua tofauti hiyo kwa jasho. Mimi nimewapa tarakimu tu.

Ndani ya hesabu hiyo ndogo mna andiko zima la uzamili. Gharama inabadilikaje sogi zikikaa mbele karibu na mabega, au zikirudi nyuma kuelekea kiuno? Punda hubadilisha urefu wa hatua chini ya mzigo, au idadi ya hatua? Kuna kasi anayoichagua mwenyewe akiachwa bila fimbo, na je, hiyo ndiyo kasi yenye gharama ndogo kwake, kama ilivyo kwa farasi? Jambo la farasi lilithibitishwa mwaka 1981 na Donald Hoyt na Taylor: kila mtindo wa mwendo una kasi yake ya gharama ndogo, na farasi akiachwa huru huchagua kuwa karibu na kasi hiyo. Kama punda naye yuko hivyo, basi fimbo tunayompigia ili awahi inatupotezea majani na maji.

Wahenga wa soko wanasema punda afe, mzigo ufike. Mwanafiziolojia anauliza afe baada ya kilomita ngapi, kwenye mteremko upi, akiwa amekunywa lini. Punda ana uwezo wa ajabu wa kuvumilia kiu. Knut Schmidt-Nielsen alipima punda Sahara katika miaka ya 1950 na kukuta wanaweza kupoteza maji ya karibu asilimia 30 ya uzito wao na kuyarudisha kwa kunywa kwa dakika chache tu. Uvumilivu huo umemponza. Asiyelalamika huongezewa mzigo. Tangu serikali yetu izuie uchinjaji wa punda mwaka 2022, baada ya biashara ya ngozi kutishia kuwamaliza, na Umoja wa Afrika kufuata mwaka 2024, wapo maofisa wanaotafuta takwimu za kazi ya punda na manufaa yake kwa kaya. Mwenye vipimo atasikilizwa.

Maksai nao wana swali lao, na nadhani ni zito zaidi. Plau inayokata upana wa sentimita 20 inawalazimu ng'ombe kutembea kilomita 20 ili kumaliza eka moja. Pigeni hesabu wenyewe: eka ni mita za mraba 4,047. Katika kilomita hizo zote wanavuta. Ukifunga mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wachuuzi wa vitunguu wa Mang'ola, kati ya mnyororo na plau, unasoma nguvu ya mvuto. Zidisha kwa umbali, umepata kazi. Kumbukeni sasa msimu. Kazi nzito inaanza kiangazi kinapoisha, wakati malisho yamekwisha na mnyama amekonda. Mnyama akikosa chakula anayeyusha mafuta, kisha anaanza kula misuli yake mwenyewe. Tunamfunga nira akiwa na msuli mdogo kuliko wakati wowote wa mwaka. Ni nyuzi zipi zinazopungua kwanza, za kasi au za polepole? Wiki ngapi za kulishwa mabua na pumba kabla ya kulima zinatosha kurudisha nguvu? Kule Edinburgh, Anne Pearson na wenzake walitumia miaka mingi kupima wanyama kazi wa nchi za joto, kwa hiyo njia za kupimia zipo, zimechapishwa, na hazihitaji helikopta.

Nilisema nitawagusa simba, basi twende mbugani. Kuna kazi mbili za Nature za mwaka 2018, zote za Botswana, zote za kundi la Alan Wilson wa Royal Veterinary College ya London. Ya kwanza ilipima nyumbu wanaokaa nchi kame. Walitembea mpaka kilomita 80 kwa siku tano bila kunywa. Watafiti walichukua kipande kidogo cha msuli kutoka kwa nyumbu hai, wakazipima nyuzi zikiwa bado hai. Sehemu ya nishati iliyogeuka kuwa kazi ilikuwa asilimia 62.6, na kwa ng'ombe wa kufugwa, 41.8. Ambayo haikugeuka kazi inageuka joto, na joto lazima litolewe kwa maji, kwa jasho au kwa kutweta. Msuli unaopoteza kidogo unamwezesha nyumbu kwenda mbali na kisima. Na hapa kwetu Ndutu, ambako nyumbu wa Serengeti huzaa kati ya Januari na Machi, mguu wa kusafiri unaanza kazi siku ileile mnyama anapozaliwa. Ndama anasimama baada ya dakika chache na kumfuata mama. Waongoza watalii mliomo humu mmeona hayo mara nyingi kuliko profesa yeyote. Swali ninalolitamani mimi: zebu wetu wa pembe fupi, aliyechujwa kwa karne nyingi na ukame na safari ndefu za malisho, yuko wapi kati ya 41.8 na 62.6?

Kazi ya pili ni ya simba, pundamilia, duma na swalapala. Simba na duma walikutwa na nyuzi zenye nguvu zaidi kwa asilimia 20 kuliko windo lao, uwezo wa kuongeza kasi zaidi kwa asilimia 37, na wa kupunguza kasi zaidi kwa asilimia 72. Windo linaokoka kwa kwenda kasi ya wastani na kukata kona dakika ya mwisho. Hayo ndiyo ya simba. Kuyapata kulihitaji kola zilizotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo, ndege, madaktari wa wanyamapori, na dawa ya kulaza ambayo matone machache yake yanaweza kumwua binadamu. Mwanafunzi akijiunga na timu ya namna hiyo, na ajiunge, heri yake. Akitaka kuanza peke yake, muda wa shahada utaishia kwenye foleni ya vibali.

Na wapo binadamu. Wilayani kwetu, ukanda wa Eyasi, Wahadzabe, jamii ya wawindaji, wamepimwa mwendo kuliko jamii nyingi duniani. Mwaka 2012 Herman Pontzer, pamoja na wenzake akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walionyesha kwamba wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku na wanawake 5.8, na bado jumla ya nishati waliyotumia, ukizingatia ukubwa wa mwili, haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Kila mtu alitarajia kinyume chake. Mwaka 2020 David Raichlen na wenzake wakaongeza kwamba Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku, kama watu wa mjini, ila sehemu ya mapumziko hayo wanachuchumaa, na kuchuchumaa kunaiweka misuli ya miguu kazini kuliko kukaa kwenye kiti. Kazi nzuri. Lakini nawasihi vijana: jamii ile ndogo imechoka na wageni wenye fomu. Anayetaka kupima kuchuchumaa aje mnadani Karatu. Watu wanachuchumaa hapo kutwa nzima, wa makabila yote.

Sipiti Laetoli bila kusimama, maana kuna punda huko, au tuseme ndugu yake. Nyayo za watu wa kale wa miaka milioni 3.66 iliyopita, zilizofunuliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978, kila mtu anazijua. Wachache wanajua kwamba timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, ilikuta nyayo nyingine umbali wa kama mita 150 kutoka zile za kwanza, na mwaka 2016 ikachapisha makadirio kwamba mmoja wa waliozipiga alikuwa na kimo cha sentimita 165. Wachache zaidi wanajua kuwa kwenye majivu ya volkano yaliyohifadhi nyayo hizo kulipita hiparioni, farasi wa kale mwenye vidole vitatu. Elise Renders alisoma nyayo hizo na mwaka 1984 akaandika katika Nature kwamba mnyama alikuwa kwenye mwendo wa haraka wa kupiga mguu mmoja mmoja, mwendo ambao leo unaonekana kwa farasi wa Iceland. Hakuwa na mnyama, alikuwa na mpangilio wa mashimo kwenye jiwe, na akausoma mwendo. Pitisheni punda kwenye njia yenye udongo mbichi baada ya mvua, akiwa mtupu na akiwa na mzigo, pimeni umbali kati ya kwato na kwato. Mmeanza.

Kuhusu pa kusomea. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina ndaki ya tiba ya wanyama yenye fiziolojia na anatomia chini ya paa moja. Kwa kazi ya punda na maksai ningeanzia huko. Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, iko karibu nasi na ina wahandisi, kwa hiyo anayetaka kutengeneza kipimo cha mvuto au kola ya bei nafuu aende huko. Dar es Salaam ni kwa wa elimu ya wanyama na wa nyayo. Nairobi bado ni nyumbani kwa urithi wa Maloiy. Fedha za masomo zipo za DAAD ya Ujerumani kwa wanaosoma ndani ya ukanda wetu, zipo za Jumuiya ya Madola, na kampuni ya uchapishaji inayotoa Journal of Experimental Biology hutoa ruzuku za safari kwa mtafiti kijana anayetaka kwenda kujifunza mbinu katika maabara nyingine.

Barua kwa profesa wa nje isianze kwa kuomba ufadhili. Iwe na swali, njia ya kulipima, na vipimo vichache ulivyokwisha kuvifanya mwenyewe, hata kama ni vya punda watatu. Profesa anapata barua nyingi za vijana wenye ndoto. Zenye jedwali ni chache.

Kibali cha wanyamapori kinapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na ukiingia eneo la hifadhi, Mamlaka ya Ngorongoro. Kwa punda unahitaji kibali cha maadili cha chuo, barua ya ofisi ya kijiji, ridhaa ya mwenye mnyama, na kuisoma Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 kabla hujamfunga mnyama chochote mwilini. Mwenye punda alipwe muda wake. Siku uliyomchukulia mnyama ni siku ambayo kaya haikupata maji, na mahali pa kuandika gharama hiyo ni kwenye bajeti, kifungu cha kwanza.

Kipimo cha kwanza kabisa ni uzito, na vijijini hatuna mizani ya kumpimia mnyama mzima. Mwaka 1996 Pearson na mwenzake Ouassat walichapisha njia waliyoipata kwa punda wa kazi wa Moroko: unazungusha futi ya kushonea kifuani, nyuma ya viwiko, halafu unapima urefu kutoka kiwiko mpaka mfupa wa makalio, na vipimo hivyo viwili vinakupa uzito kwa makadirio mazuri. Kama vinamfaa punda wa Karatu au vinahitaji kusahihishwa, atakayetujulisha ni mwenye futi, mizani ya mnadani, na punda wapatao hamsini ambao wamiliki wao wamekubali. Maswali sasa, tuanze na wa nyuma.